Temeni Kahawa Tusikilize

Kabla ya kusikiliza wimbo wowote, Mwalimu alikuwa anatuamuru tuteme kahawa. Kwetu huku mgeni akiingia ndani, hata hajamaliza kusalimia, anawekewa kahawa za kutafuna, zile punje zilizochemshwa zikakaushwa. Unatia moja mdomoni, unaisogeza shavuni, mazungumzo yanaanza. Kwa Mwalimu uliwekewa kama kwa watu wote, maana mchoyo hakuwa, lakini akishika tu ile simu yake ya nyimbo anakutazama mdomo.

"Tema," anasema. "Taya likitembea, sikio linafunga."

Basi watu wazima na mvi zetu tunatoka mmoja mmoja, tunatema kwenye migomba, tunarudi kukaa kama watoto wa darasa la kwanza.

Jina lake siliandiki. Hapa Ijumbi walimu ni wengi, lakini ukisema Mwalimu ukaishia hapo, kila mtu anajua ni yule wa kwaya. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo nawaachia watakaosoma wasifu siku yake ikifika. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kalamu inanichosha kuliko jembe. Nitaandika ninayoyakumbuka, nikichoka nitaweka chini, kesho nitaendelea pale nitakapokuta.

Alikuwa mwembamba, vifungo vya shati amefunga mpaka shingoni hata jua likiwaka, na buti za mpira miguuni masika na kiangazi. Sauti yake mwenyewe haikuwa nzuri. Hilo watu wanalisahau. Alikwaruza kama mlango wa kanisa letu la zamani. Akitaka kukuonyesha sauti ya wimbo haimbi, anagonga kijiko kwenye kikombe, anainamisha kichwa, anagonga tena kwa chini kidogo, kisha anakuangalia mpaka uipate. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaipata upesi kuliko wote. Mke wangu alitoka Maruku, na watu wa kwao, alikuwa anatutania, wanazaliwa wanaimba, ninyi wa Muleba mnazaliwa mnapiga kelele.

Mimi kuimba sikuweza. Mwalimu alinijaribu sauti ya tatu, akanijaribu ya nne, akaniambia, "Mzee, mikono yako ina akili kuliko koo lako." Akanipa kayamba. Nilitengeneza mwenyewe, mabua nilikata bondeni, ndani nikatia mbegu kavu, nikaikaza na kamba ya mgomba. Kwa hiyo katika kwaya ile, mke wangu alikuwa mbele anaanzisha, mimi nyuma natikisa. Miaka mingi nimemwona mke wangu kisogo tu akiimba. Sijalalamika.

Sasa niseme habari ya nyimbo zenyewe, maana bila hiyo hutamwelewa.

Zamani tulirekodiwa kwenye kanda. Mwalimu alikuwa nazo sanduku zima, chini ya kitanda. Lakini nchi yetu hii ina unyevu, mvua haiishi, kanda zikaanza kuota ukungu mweupe. Ndipo akazibeba mpaka Bukoba mjini, kwa Bwana Hafidhi, mwenye duka la kuingiza nyimbo kwenye simu karibu na soko. Nilimsindikiza, nikambebea nusu ya mzigo. Bwana Hafidhi alikuwa mtu mstaarabu, akatupa chai kabla ya kazi. Akatazama lile sanduku, akatazama kile kikadi cha simu, kidogo kama ukucha.

"Mwalimu," akasema, "nikiziacha kubwa, zinasikika vizuri ila hazitaingia zote. Nikizibana ziwe ndogo, zitaingia zote, lakini sauti itapungua. Unataka nini?"

"Itapungua kiasi gani?"

"Kidogo. Kwenye simu hutajua."

Mwalimu alishika kidevu. Alikuwa na nyimbo za Krismasi, za Pasaka, za harusi, za maziko, za kumpokea padri mgeni. Aache upi? Aache wa marehemu fulani, amwambie nini mjane wake Jumapili? Mtu aliyekuwa hawezi kuvumilia sauti ya pili ikipanda kidogo tu, siku hiyo alisema, "Zibane. Sitaki kuacha hata mmoja."

Na kwa kuwa aliona zote ziko salama kwenye kikadi, akarudi nyumbani, zile kanda ambazo bado zilikuwa nzima akazitumia kurekodia mazoezi. Moja baada ya nyingine, alirekodi juu yake. Hakuna aliyemkataza. Nani angejua?

Alijua yeye, baadaye. Alinunua spika, akachomeka, akapiga wimbo wa kwanza. Nilikuwepo. Kayamba yangu ndiyo iliyoharibika kuliko vyote. Sauti za watu zilikuwepo, nyembamba kidogo, kama wanaimba ndani ya pipa, lakini zipo. Kayamba ilikuwa shaaa, shwiii, shaaa, inakuja inakwenda, haina mbegu wala mabua.

"Nani anakaanga senene?" akauliza Mwalimu.

Tukacheka wote. Tulidhani anatania. Senene, wale panzi wetu wa kula, wakiwa kwenye kikaango, mafuta yakichemka, ni sauti ile ile hasa. Lakini yeye hakucheka. Alizima, akakaa, akaishika ile simu mkononi kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa.

Tangu hapo ndipo alipoanza kuhukumu. Kwaya ya vijana walimwomba nyimbo za zamani wajifunzie, naye akasema atawapa, lakini zile zinazofaa tu. Zisizofaa anafuta. Sisi wazee tuliokuwa tumebaki tulikaa naye Jumamosi mchana, mvua isiponyesha, maana chini ya bati mvua ikianza huamui kitu. Alikuwa na utaratibu wake. Simu haiwekwi kwenye meza, meza inavuma, inawekwa juu ya gunia la maharage. Jina la wimbo haonyeshi mtu. Anageukia ukuta, anasikiliza.

"Ukiona jina la marehemu utalia," alisema, "na ukilia husikii tena, unajisikia mwenyewe."

Shahidi wake alikuwa kayamba. Kayamba ikisikika kama kayamba, wimbo unabaki. Ikiwa senene, unaondoka. Nilimuuliza kwa nini aninyonge mimi, kwa nini asisikilize waimbaji. Akaniambia kinachokufa kwanza ni kile chembamba kinachokwenda haraka, na kikishakufa hicho, hata herufi za mwisho za maneno zimekufa, ila watu hawajui, wanajazia wenyewe. Sikuelewa vizuri siku hiyo. Nimeelewa nikiwa nimechelewa.

Usidhani alikuwa mtu wa kutaka vizuri katika kila kitu. Jogoo wake alikuwa na sauti mbovu kuliko majogoo yote ya Ijumbi na hakumchinja mpaka alipokufa mwenyewe kwa uzee. Redio yake ya mpira ilikuwa inakwaruza, mtangazaji humsikii, yeye amebandika sikio anapiga kelele za goli. Nikamwambia, "Mwalimu, hii nayo si senene?" Akasema, "Mpira hauimbi. Niache."

Mara moja tulialikwa harusi Buganguzi. Mpiga muziki alileta spika ndefu kama mtu, na mama wa bibi harusi akaomba wimbo mmoja wa kwaya yetu, aliupata kwenye simu ya mtu, sijui ulipenyaje. Ukapigwa. Eee! Ukumbi mzima ulikuwa kikaango. Watu wanacheza, wanapeleka zawadi, Mwalimu amesimama. Akaenda mpaka kwenye mitambo.

"Bwana mdogo, zima."

"Mzee, watu wanacheza."

"Wanacheza kwa sababu hawasikilizi."

"Sasa mzee, harusi watu wanakuja kusikiliza?"

Mwalimu alirudi kukaa. Akamimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kikombe, akanywa. Njiani ndipo aliponiambia, "Wale watoto pale watasema mababu zao waliimba hivi. Wimbo mbaya unawasingizia waliokufa, na wao hawawezi kuja kujitetea." Kwa hiyo aligoma kabisa kugawa. Alisema mkitumiana kwa simu zinabanwa tena, na tena, mpaka libaki povu.

Hapo ndipo shida yangu mimi ilipo.

Mke wangu aliimba nyimbo nyingi, lakini ambao ameanzisha peke yake ni mmoja, wa kupeleka vipaji altareni. Anaimba mstari mzima hakuna mwingine, anavuta pumzi, unaisikia ile pumzi, kisha kwaya inaingia, kisha mimi. Picha zake ninazo. Sauti yake iko pale tu, kwenye kikadi cha Mwalimu, na katika zote zilizobanwa huo ulitoka mbaya kuliko wenzake, maana kanda yake ilikuwa na ukungu tayari. Akifariki mtu, huwezi kukumbuka sauti kama unavyokumbuka uso. Nimejaribu. Asubuhi nikiamka nadhani ninayo, nikifika mlangoni imekwenda.

Alipofariki nilimwomba Mwalimu apige wimbo ule msibani. Watu wamekaa nje kwenye moto, wamejaa mpaka kibanjani kwenye migomba, nikamwambia, waitu, tafadhali, nipigie huo mmoja. Alikataa. Mbele ya watu alikataa. Alisema hatamzika mwanafunzi wake kwa sauti ya kikaango. Badala yake akawasimamisha wazee wa kwaya waliobaki, wauimbe wenyewe. Wamechoka, wamelia, mmoja hana meno, aliyeanzisha alianza juu mno wakashindwa kupanda naye. Ulikuwa mbaya. Nakwambia ulikuwa mbaya kuliko hata kile kikadi. Mwalimu akawaongoza kwa mkono mpaka mwisho kana kwamba haoni kitu, na mashavu yamelowa. Nilikaa na hasira juu yake muda mrefu. Sina hakika kama imeisha.

Baada ya matanga kila Jumamosi nilikuwa na hofu moja. Kwamba leo ni zamu ya wimbo wa mke wangu, na leo ataufuta. Ukafika. Akageukia ukuta. Mstari wa kwanza, pumzi, kwaya, senene. Mimi natazama kidole chake. Akazima, akasema, "Bado."

"Bado nini, Mwalimu?"

"Bado sijaamua."

Wimbo mwingine wowote mbovu aliufuta pale pale, kidole hakitetemeki. Huo akasema bado. Uliporudi tena, bado. Nikamwambia, "Basi nipe mimi, uondoke kwako."

"Nikupe wewe, wewe umpe binti yako, binti yako atampa shoga yake, mwisho utapigwa kwenye baa Muleba watu wakila kitimoto."

"Sitampa mtu."

"Utampa. Mimi ningempa."

Hakuufuta, hakunipa. Tukaishi hivyo, na mimi nikaendelea kwenda Jumamosi, kutema kahawa, kukaa, kusubiri. Mtu huchoka hata na hofu. Inafika mahali unasema, afute tu nikalale.

Miaka ya karibuni alikuwa mkali zaidi. Zile nyimbo chache zilizotoka vizuri, ambazo mwanzoni alizipitisha, alianza kuzirudia. Anasikiliza, anatikisa kichwa. "Hapa hamna kayamba kabisa. Imekufa." Anafuta. Nikamwambia, "Mwalimu, hii mimi naisikia. Iko pale, hata zile mbegu nazisikia."

"Wewe husikii," akasema. "Wewe unaikumbuka."

Ningebishaje? Yeye ndiye aliyenipa kayamba. Na kusema kweli nilijitilia shaka, maana mambo mengi siku hizi sijui kama nayaona au nayakumbuka. Akafuta wa Pasaka. Akafuta ule wa kumpokea padri, ambao Bwana Hafidhi mwenyewe aliusifu. Kikadi kikawa kinapungua kama gunia lenye panya. Mtu aliyesema hataki kuacha hata mmoja, alizimaliza kwa mkono wake, na kila akifuta mmoja anakaa kama ametoka kuzika.

Kisha mguu ukamshinda, binti yake akamchukua mjini, Hamugembe. Jumamosi zetu zikaisha. Tuliobaki hatukuwa wengi, na nani atuite?

Mwaka huu nilikwenda Bukoba kwa ajili ya macho. Nikasema nimpitie. Nilimbebea kahawa za kutafuna, nimezifunga ndani ya majani makavu ya mgomba kama zamani, maana huko mjini wanazitia kwenye mifuko ya plastiki zinanuka. Nilimkuta barazani, vifungo mpaka shingoni, buti hakuvaa. Binti yake alinikaribisha, akaniambia, "Baba, sema kwa nguvu kidogo." Nikadhani ni uzee wa kawaida. Akatuacha.

"Umekuja kuchukua wimbo wako," Mwalimu akasema hata sijakaa.

"Nimekuja kukusalimia."

"Muongo. Kaa."

Akatoa ile simu ya zamani mfukoni. Gunia la maharage hakuna, akaiweka juu ya mto. Nami nikatema punje niliyokuwa natafuna tangu njiani, bila kuambiwa. Akageukia ukuta wa baraza. Nikabonyeza mimi, maana vidole vyake vinatetemeka sasa.

Mke wangu akaimba. Sitaeleza. Akavuta pumzi, kwaya ikaingia, nami nikaingia, na kikaango kikaingia nami, shaaa, shwiii, vile vile kama siku ya kwanza, hakijapoa.

Mwalimu akageuka. Uso umemnyooka, sijawahi kumwona hivyo.

"Mbona umekuwa safi?"

Nikaitazama simu.

"Umeupeleka kwa fundi? Senene hakuna. Sikiliza. Wametulia kabisa, hakuna shwii-shwii." Akacheka. "Huu unabaki! Huu tunawapa hata vijana. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Miaka yote niliyosubiri neno hilo, na sasa limekuja, na mimi nimekaa pale kama niliyepokea barua ya mtu mwingine. Wimbo ulipofika katikati, kicheko kikamwisha taratibu.

"Na wewe," akasema, "siku ile hukuja?"

"Nilikuja, Mwalimu."

"Kayamba haipo."

"Ipo. Napiga."

"Unaikumbuka," akasema, lakini safari hii alikuwa kama anauliza.

Nilikuwa bado na kile kifurushi cha kahawa mkononi. Sikupanga. Nilinyanyuka kana kwamba nanyoosha goti, nikapita nyuma ya kiti chake, nikakitikisa karibu na sikio lake, vile nilivyokuwa natikisa kayamba. Majani yalilia, punje zikalia. Paka aliyelala kizingitini aliinua kichwa. Mwalimu alikuwa anatazama ukuta, anangoja nirudi kukaa.

Nikatikisa tena sikio la pili. Ndipo alipoona kivuli cha mkono wangu kinacheza ukutani. Akageuka, akatazama kifurushi, akatazama mkono. Akaunyoosha wake, akakishika, akakitikisa mwenyewe mbele ya macho yake. Akakisogeza sikioni, akatikisa. Akatikisa kwa nguvu mpaka punje moja ikapenya majani ikadondoka miguuni.

"Inalia?" akaniuliza.

"Inalia, Mwalimu."

Akakishusha kifurushi magotini. Wimbo ulikuwa umeisha, simu imejizima kioo. Nje mtu alipita na pikipiki.

"Ule wa Pasaka," akasema.

"Ndiyo."

"Na wa padri."

"Hata huo."

"Zilikuwa na kayamba."

Ningeweza kumdanganya. Ni mzee, mguu umemshinda, atajua nini? Lakini mtu huyu hajanidanganya hata siku moja, hata pale nilipotaka sana anidanganye, msibani.

"Zilikuwa nayo," nikamwambia.

Hakulia. Alikunja kifurushi polepole pale kilipochanika. Kisha akafungua mgongo wa simu kwa kucha, akachomoa kile kikadi, akakitazama kwenye mwanga. Niliogopa, nakiri, nilidhani anakivunja. Akakirudisha, akafunga, akaniwekea simu yote mapajani.

"Usiniletee tena niamue," akasema. "Kaa nao. Mpe unayetaka."

"Hata wa baa?"

"Hata wa baa."

Halafu akafungua majani, akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaisogeza shavuni. Akanipa nyingine. Mimi nikaishika tu vidoleni, kwa mazoea, namtazama.

"Tafuna," akasema. "Piga tena."

Nikapiga. Tukasikiliza tunatafuna.